Afande na Manowari: Vyeo vya Kijeshi kutoka Pangani hadi Lugalo

Katika Kiswahili yapo maneno yaliyoingia kwa jahazi, yapo yaliyoingia kwa chuo, na yapo yaliyoingia kwa bunduki. Neno "afande" ni la kundi hili la mwisho. Leo halina ugeni kwa mtu yeyote wa Dar es Salaam. Mchuuzi wa Tandika humwita hivyo polisi apitaye mbele ya meza yake; utingo wa daladala za Mwenge humwita hivyo mwanajeshi aliyesimama mlangoni; na raia aliyekosea njia karibu na uzio wa kambi hulitanguliza neno hilo kabla ya kujieleza. Asili yake ni "efendi" ya Waturuki, nao waliipata kwa Wayunani, likimaanisha bwana au mtu wa kustahiwa. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki halikuletwa na Waturuki. Lilikuja kwa meli, vinywani mwa askari wa Kisudani walioajiriwa Misri na Wajerumani.

Historia ya majeshi aghalabu huandikwa kwa majina ya mapigano na ya majemadari. Lakini ipo njia nyingine ya kuisoma, nayo ni ya vyeo: nani aliruhusiwa kuitwa nani, na nani alikatazwa. Ipo pia njia ya bahari: nani alishuka kutoka majini akiwa na silaha, na nani alipakiwa melini kwenda kufa ng'ambo. Njia hizi mbili zinakutana katika kambi moja iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo, katika Wilaya ya Kinondoni, ambayo zamani iliitwa Colito na sasa inaitwa Lugalo.

Vyeo vilivyotoka Misri

Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kujitwalia mamlaka ya miji ya Mrima, kwa mujibu wa mkataba iliouafikiana na Sultani wa Zanzibar. Wakala wake Pangani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Alipoona Liwali hataki kuinama, aliomba msaada wa manowari. Askari wa majini zaidi ya mia moja walishushwa kutoka meli iitwayo Carola, wakati wa Idi ya Kuchinja. Katika kumtafuta Liwali waliingia msikitini bila ya adabu ya mahali hapo, na bendera ya Sultani ikateremshwa. Watu wa Pangani hawakuyasahau hayo. Ghadhabu yao ikaenea miji mingine, na vita vilivyofuata, vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri, viliifagia Kampuni kutoka karibu pwani yote isipokuwa Bagamoyo na Dar es Salaam, zilizookolewa na mizinga ya manowari. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa zama zile zile, alivitungia vita hivyo utenzi mrefu, na hivyo wapenzi wa tungo wanao ushahidi wa upande wa walioshukiwa, si wa walioshuka peke yao.

Askari wa majini wana udhaifu mmoja wa tabia: huweza kuuteka ufuo, lakini hawawezi kuikalia nchi. Manowari haipandi milima ya Usambara. Kwa hiyo mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kuunda jeshi la nchi kavu. Wissmann alikwenda Misri kuajiri Wasudani waliokuwa wamelitumikia jeshi la Khedive, na akaongeza wengine kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Wasudani walikuja na silaha, na wengi wao na familia zao. Fauka ya hayo walikuja na ngazi yao ya vyeo, iliyorithiwa kutoka dola ya Uthmaniya.

Chini kabisa alikuwa askari, neno la Kiarabu ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tangu zamani. Juu yake alisimama ombasha, yaani "onbashi" ya Kituruki, mkuu wa watu kumi. Akafuata shaushi, kisha beshaushi, yaani shaushi mkuu, kisha soli. Juu ya wote hao alikuwa efendi. Hivi ndivyo ngazi ilivyosimama katika jeshi la Wajerumani, lililofahamika kwa jina la Schutztruppe, kwa karibu miaka thelathini.

Lakini ngazi hiyo ilikuwa na dari. Efendi, pamoja na upanga wake na ukubwa wa jina lake, hakuweza kumwamrisha Mjerumani yeyote, hata aliye mdogo kabisa katika vyeo vya Kizungu. Kulikuwa na ngazi mbili katika nyumba moja, na kilele cha ngazi ya kwanza kilikuwa chini ya kidato cha kwanza cha ngazi ya pili. Jambo hili likumbukwe, kwa kuwa ndilo litakalorudi, kwa sura nyingine, usiku mmoja wa Januari miaka sabini na mitano baadaye.

Ama Zelewski mwenyewe, mwaka 1891 alipandishwa kuwa kamanda wa jeshi hilo, akaenda Uhehe kuitiisha nchi ya Mkwawa. Agosti 17 ya mwaka huo safu yake ndefu iliviziwa kwenye vichaka vya Lugalo, katika Iringa. Nyundo akafa hapo, na sehemu kubwa ya watu wake pamoja naye. Mtu aliyeshuka Pangani na askari wa majini akazikwa mbali na bahari, na jina la mahali alipoanguka likabaki katika kumbukumbu ya nchi likingojea kazi nyingine.

Kikosi kilichovuka maji

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipoingia mikononi mwa Waingereza, kikosi chake kilikuwa cha sita katika King's African Rifles, jeshi lililoanzishwa mwaka 1902 na ambalo watu wa kawaida walilijua kwa herufi zake, KAR. Vyeo vya Kituruki vikapungua nguvu, vikaingia lansi koplo, koplo, sajini na sajini meja. Nguo zikabadilika, lugha ya amri ikabadilika, dari ikabaki pale pale.

Vita vya Pili vilipozuka, wana wa Tanganyika walipelekwa kwanza Uhabeshi kupigana na Waitalia. Mei 19, 1941, mahali paitwapo Colito, karibu na mto Bilate, vifaru vya Waitalia viliwashambulia askari wa kikosi cha sita. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alirukia kifaru kimoja, akafungua mfuniko wake na kuwaua waliokuwamo. Alipojaribu kukiendea kingine akauawa. Alitunukiwa Msalaba wa Viktoria baada ya kufa kwake. Kutoka katika tukio hilo ndipo kambi ya nje ya Dar es Salaam ilipopata jina la Colito. Kila kijana wa Kimakonde, Kinyamwezi au Kihehe aliyeapishwa hapo baadaye aliapishwa chini ya jina la mahali pa Uhabeshi na ushujaa wa sajini wa Kizungu.

Mwaka 1942 kikosi hicho hicho kilipakiwa melini kwenda Bukini, kisiwa ambacho Waingereza walikitaka kutoka kwa Wafaransa waliokuwa upande wa Vichy. Kwa wengi wa askari wale, bahari ilikuwa kitu cha hadithi. Mtu aliyezaliwa Tabora au Songea alijikuta akilala tumboni mwa chuma, akisikia maji yakigonga ubavu wa meli, akaamka kwenye nchi ya watu wenye lugha asiyoijua. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon na kisha Burma, na katika mvua za mwaka 1944 ilipita Bonde la Kabaw, lenye malaria na tope la magotini, hadi mto Chindwin.

Na wapo ambao hawakufika. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Waliokufa walikuwa 1,297, na sehemu kubwa yao ni wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Ni mojawapo ya misiba mikubwa ya baharini katika vita vile. Lakini ulizeni katika miji ya pwani, ambayo mashairi yake yamezililia meli nyingi, ni wangapi wanalijua jina la meli hiyo. Bahari ile ile iliyoleta vyeo iliwameza waliovivaa, na waliobaki nyumbani walipewa karatasi.

Shaaban Robert, aliyeishi miaka ile akiwa karani wa serikali, aliitungia vita hiyo utenzi na kuuita wa Vita vya Uhuru. Jina hilo lina uzito wake. Askari waliambiwa kwamba wanapigania uhuru wa dunia, nao waliporejea walikuta kwamba dunia hiyo haikuanzia kwenye mlango wa mesi ya maofisa. Mwafrika wa KAR aliyepigana Burma aliweza kuwa ofisa mteule, si zaidi. Kijana wa Kiingereza aliyetoka shule juzi aliweza kuwa luteni juu yake, naye ilimpasa ampigie saluti.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walitafuta dawa ya jambo hilo, na ajabu ni kwamba walilifukua neno la zamani. Walianzisha cheo cha efendi, daraja la katikati baina ya sajini meja na ofisa kamili. Nchini Uganda, mmoja wa waliokipata, mwaka 1959, alikuwa Idi Amin. Yaliyowashinda Wajerumani kuyaficha yalirudiwa kwa jina lile lile: cheo kikubwa cha kusikika, kidogo cha kutenda. Uhuru ulipokaribia kiliachwa, nalo neno likabaki mitaani likipotea herufi na kugeuka afande.

Siku sita za Januari

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Luteni Alexander Nyirenda, aliyehitimu Sandhurst, alipandisha mwenge na bendera mpya kileleni mwa Kilimanjaro. Ilikuwa picha nzuri, na ilikuwa ya kweli. Lakini chini ya mlima, kikosi cha sita cha KAR kilikuwa kimebadilishwa jina tu. Sasa kiliitwa Tanganyika Rifles: batalioni ya kwanza Colito, ya pili Tabora. Kamanda alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maofisa wengi wa juu walikuwa Waingereza. Waafrika waliofikia uofisa walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa vijana waliokuwa ndiyo kwanza watoke masomoni. Sajini mwenye miaka kumi na mitano ya kazi alitazama kulia akamwona Mwingereza, akatazama kushoto akamwona kijana wa juzi, na mbele yake hakuona njia.

Mapema Januari 1964 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa rangi katika ajira za serikali ungekoma, na kwamba raia wote watapimwa kwa uwezo. Maneno hayo yalikuwa ya haki. Lakini kambini yalisikika kama mlango unaofungwa. Januari 12 mapinduzi yakatokea Zanzibar, na siku chache baadaye kikosi cha polisi wa Tanganyika kikavushwa kwenda Visiwani kusaidia kutuliza mambo. Mji mkuu wa bara ukabaki na walinzi wachache kuliko kawaida.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Januari 20, king'ora kililia Colito. Askari walichukua silaha ghalani, wakawakamata maofisa wao wa Kiingereza na kuwafungia. Sajini Francis Ilogi ndiye aliyetajwa baadaye kuwa kiongozi wao. Magari yakaingia mjini kwa barabara ya Bagamoyo kabla ya alfajiri; Ikulu, uwanja wa ndege, redio na nyumba ya simu vikawekwa mikononi mwao. Madai yao yalikuwa mawili, nayo yalielezwa waziwazi: Waingereza waondoke na Waafrika wachukue nafasi zao, na mshahara wa askari, uliokuwa shilingi 105 kwa mwezi, ufanywe shilingi 260.

Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda kuzungumza nao, kwanza mjini na kisha kambini, akiwa peke yake mbele ya mitutu. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo mwanahistoria wa vyeo hapaswi kulipita haraka. Majina ya maofisa wa Kiafrika yalitajwa mbele ya askari, nao wakayakubali au kuyakataa kwa sauti. Luteni Elisha Kavana akapokewa, na kwa asubuhi moja luteni akawa mkuu wa watu. Huko Tabora, batalioni ya pili ilipoasi Januari 21, askari walimpokea Kapteni Mrisho Sarakikya. Maofisa wa Kiingereza wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi.

Cheo kina wazazi wawili. Mmoja ni karatasi ya serikali yenye muhuri. Wa pili ni kukubaliwa na wanaoamrishwa. Katika jeshi lenye afya wazazi hawa hawaonekani kuwa wawili, kwa kuwa wanakaa nyumba moja. Asubuhi ile ya Colito walitengana mbele ya macho ya wote. Waliokuwa na karatasi walifungiwa rumande. Aliyekubaliwa alikuwa hana karatasi. Waasi wenyewe hawakutaka kuitwala nchi, na hakuna ushahidi kwamba Sajini Ilogi alijiandaa kukaa Ikulu. Lakini mtu aliyeishika Ikulu kwa saa chache bila ya kuitaka amewafundisha wengine kwamba inashikika.

Mjini, siku hiyo ya kwanza, maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa, Kariakoo na Magomeni, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Hao hawakuwa na cheo chochote katika ugomvi huu. Rais na Makamu wake, Rashidi Kawawa, walikuwa wamevushwa kwenda upande wa Kigamboni, ng'ambo ya mkono wa bahari, wakafichwa huko. Siku ya pili sauti ya Nyerere ikasikika redioni, na kisha akapita mitaani ili watu wamwone kwa macho. Utulivu ukarejea kwa juujuu. Serikali ilikuwapo, lakini bunduki hazikuwa zake.

Wakati huohuo moto ulishika kwa jirani. Januari 23 askari wa Jinja, Uganda, waliwazuia maofisa wao na waziri wa serikali. Januari 24 ikawa zamu ya Lanet, Kenya. Serikali zote mbili ziliwaita Waingereza. Dar es Salaam kulivuma habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanazungumza na waasi. Tarehe 24 Nyerere akatia saini barua ambayo bila shaka mkono wake uliichukia: aliiomba Uingereza iwanyang'anye silaha askari wa Tanganyika.

Asubuhi ya helikopta

Manowari ya kubebea ndege, HMS Centaur, ilikuwa imeondoka Aden siku ya kwanza ya maasi, ikiwa imechukua askari wa majini wa Uingereza kiasi cha 600 wa kikosi kiitwacho 45 Commando. Hawa ni askari wa namna ya pekee: wanalala melini kama mabaharia, wanapigana nchi kavu kama askari wa miguu, na vyeo vyao ni vya jeshi la ardhini ingawa chakula chao ni cha jeshi la maji. Kazi yao hasa ni kushuka. Kwa siku kadhaa walikaa mbali na ufuo, wasionekane kutoka mjini, wakingojea barua.

Alfajiri ya Jumamosi, Januari 25, manowari ya pili, HMS Cambrian, ilifyatua mizinga iliyopasukia angani, kwa makusudi ya kushtua na si ya kuua. Helikopta zikatua katika uwanja wa michezo kando ya kambi. Brigedia Sholto Douglas alikuwamo, akawaita kwa kipaza sauti askari aliokuwa akiwaamrisha wiki moja nyuma wajisalimishe. Walipochelewa, chumba cha walinzi kikapigwa kombora. Askari wachache walikufa. Waliobaki walitoka mikono juu, na waliokimbilia vichakani upande wa pwani walikusanywa saa zilizofuata. Kabla jua halijapanda sana, kambi ilikuwa mikononi mwa wageni, na katika siku mbili Tabora nayo ikatulia.

Kwa hesabu ya kijeshi ilikuwa kazi safi. Kwa hesabu nyingine, miaka miwili na wiki chache tangu bendera ya Uingereza iteremshwe, askari wake wa majini walikuwa wameshuka tena pwani ya Mrima, na safari hii kwa mwaliko. Tofauti na Pangani ya 1888 ni kubwa na haifai kufichwa: wale walishuka kumvunja Liwali, hawa walishuka kumrudishia Rais mamlaka yake, na waliombwa kwa maandishi na serikali iliyochaguliwa. Hata hivyo Nyerere mwenyewe hakutaka tofauti hiyo imfariji. Alilihutubia taifa akayaita mambo ya wiki ile aibu, na hakujaribu kulitafutia neno laini.

Aibu na hesabu yake

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wasemao mpaka leo, kwamba bora angezungumza zaidi na askari kuliko kumwita mtawala wa jana. Hoja hiyo ina heshima yake, maana madai ya askari hayakuwa ya upuuzi. Ngazi yenye dari ilikuwa kweli. Mshahara mdogo ulikuwa kweli. Katika mwezi ule ule serikali ilikubali, kwa vitendo, karibu yote waliyoyadai kuhusu maofisa: Waingereza hawakurudi kuliongoza jeshi la Tanganyika. Ila madai ya haki yakidaiwa kwa mtutu, yeye anayeyakubali huwa amekubali na mtutu. Hilo ndilo Nyerere alilolikataa, na bei yake ilikuwa kuonekana mnyonge mbele ya Afrika nzima.

Namna alivyolilipa deni hilo yastahili kutazamwa. Februari 12 aliwakutanisha Dar es Salaam mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokuwa haujatimiza mwaka, akawaeleza yaliyotokea badala ya kungoja wamuulize. Mkutano ukaafiki askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza. Nijeria ikatoa batalioni, nayo ikailinda Tanganyika hadi jeshi jipya liliposimama. Askari wa nchi moja ya Afrika wakavuka bara kuikinga nchi nyingine isimtegemee mkoloni: hilo lilikuwa jipya, na lilizaliwa kutokana na fedheha.

Upande mwingine wa hesabu ni mchungu zaidi. Mamia ya watu walikamatwa, wengi wao viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Shirikisho lao la zamani likavunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na serikali. Batalioni ya kwanza ilivunjwa, askari wake wakarejeshwa makwao, pamoja na wale ambao hawakujua lolote ila kulala kambini usiku ule. Sajini Ilogi alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na mitano. Nchi ilijifunza kutoogopa bunduki. Ikajifunza pia, kwa muda mrefu, kuiogopa sauti ya mfanyakazi anayegoma. Mafunzo hayo mawili yalitoka katika wiki moja, na si haki kulisifu la kwanza kwa kulifuta la pili.

Jina jipya, ngazi mpya

Januari hiyohiyo Nyerere aliwaita vijana wa TANU wajiandikishe kwa jeshi jipya. Septemba 1, 1964, Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa, likiwa chini ya Sarakikya, mtu wa umri wa takriban miaka thelathini, ambaye mwanzoni mwa mwaka alikuwa kapteni. Askari wakaruhusiwa kuwa wanachama wa chama tawala, kinyume cha mila ya Kiingereza isemayo kwamba mwanajeshi hana siasa. Hoja ilikuwa kwamba askari aliyenyimwa uraia kamili hujitafutia uraia kwa bunduki.

Colito ikafutwa, kambi ikaitwa Lugalo. Uteuzi wa jina hilo ulikuwa wa mtu aliyeijua historia. Mahali ambapo helikopta za askari wa majini zilitua pakapewa jina la mahali alipofia Zelewski, yule aliyewatangulia wa kwanza kushuka Pangani. Leo maelfu ya watu wa Kinondoni husema "nakwenda Lugalo" wakimaanisha hospitali kuu ya jeshi, wengi bila ya kuwaza Iringa wala mwaka 1891. Ndivyo majina yafanyavyo kazi: yanatunza yale ambayo watumiaji wake wameyasahau.

Ngazi ya vyeo nayo ikafinyangwa upya. Wapo koplo usu na koplo, sajenti na sajini taji, ofisa mteule wa daraja mbili, luteni usu na luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia jenerali, hadi jenerali. Sehemu ya maneno hayo ni ya Kiingereza yaliyovaa kanzu ya Kiswahili. Sehemu ni ya Kiswahili chenyewe. Sajini taji hukumbusha taji linalokaa juu ya mistari mitatu ya mkononi katika majeshi ya mila ya Kiingereza. Jamhuri ikabaki na taji katika neno, ingawa haina mfalme. Muhimu ni kwamba ngazi hii ni moja. Haina dari ya rangi, na asimamaye kileleni alianzia chini kabisa ya maofisa kama wenzake.

Ng'ambo ya maji, kule Kigamboni, uliokuwa sehemu ya Temeke kabla haujafanywa wilaya, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo cha wanamaji kikajengwa kwa msaada wa China. Upande ule ule uliomficha Rais Januari 1964 ukawa na manowari ndogo za nchi yenyewe. Tangu hapo askari wa Tanzania wamevuka maji mara kadhaa. Walikuwapo Shelisheli mwaka 1981, mamluki wa Mike Hoare walipouvamia uwanja wa ndege wa Mahé. Machi 25, 2008, kwa niaba ya Umoja wa Afrika, walishuka Nzwani, katika Ngazija na visiwa vyake, pamoja na Wasudani na Wakomoro wenyewe, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekataa kuachia madaraka. Bacar alikimbilia Maore. Wajukuu wa waliopakiwa kwenda Bukini sasa walikuwa na maofisa wao wenyewe, na waliowapokea ufuoni walikuwa watu wa lugha jirani na dini moja na pwani.

Kushuka ufuoni kwa watu hakuwi kitu chepesi kwa sababu tu anayeshuka ni ndugu. Barua ya mwaliko ni muhimu, nayo ilikuwapo 1964 na 2008. Na hata ikiwapo, hukumu hubaki kwa walioamshwa na mlio wa mizinga alfajiri. Wala si kila anayekwenda ng'ambo hurudi. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa usiku, na zaidi ya Watanzania kumi waliuawa, wengi wao wa vyeo vya chini. Majeneza yao yaliletwa nyumbani yamefunikwa bendera, kila moja likiwa na jina na cheo. Waliozama na Khedive Ismail hawakuletwa. Kwao hapakuwa na jeneza wala bendera, na kwa muda mrefu hapakuwa na nchi ya kuwapokea.

Huenda kipimo cha cheo ni hicho. Si nani anayekupigia saluti ukiwa hai, bali nani anayelazimika kuja kukupokea ukirudi umekufa. Efendi wa Wajerumani hakuwa na wa kumpokea, wala mpiga mizinga wa Afrika Mashariki. Askari wa leo anaye, naye ni raia huyuhuyu wa Tandika na Mwenge, anayemwita afande bila ya kujua kwamba neno hilo lilipita Istanbul, Kairo, Pangani na Colito kabla halijafika mdomoni mwake.